Uzito Uliobisha Hodi

Miaka ile dizeli ilipoanza kupimwa kwa vikombe kama uji wa mgonjwa, madereva wa barabara ya Uyole kwenda Kyela walikuwa na ujanja mwingi kuliko mafuta. Kuna waliozima injini kwenye mteremko wa Isyonje na kuliachia lori liteleze lenyewe mpaka karibu na Kiwira, miguu ikitetemeka juu ya breki. Kuna waliojibandika nyuma ya trela kubwa ili wakingiwe upepo, wakala moshi wa mwenzao hadi mpakani. Mmoja aling'oa viti, akang'oa milango, akawa anaendesha amejitanda blanketi kama mzazi wa jana. Na kuna yule aliyechanganya dizeli na mawese ya Kyela, lori lake likipita mtaani linanukia maandazi, mbwa wanalifuata wakiamini.

Ambakisye Mwakalobo alijaribu yote isipokuwa la milango, kwa sababu Uporoto kuna baridi isiyo na utani. Halafu ikaja nitue, na ujanja wote ule ukaonekana mchezo wa kitoto.

Jina halisi la mtambo lilikuwa refu, limechongwa ubavuni mwa kisanduku chenyewe, na hakuna dereva aliyewahi kulimaliza. Wao waliuita nitue, kwa lile neno ambalo mwanamke aliyetoka bombani humwambia wa kwanza kumkuta mlangoni, ndoo ingali kichwani. Kisanduku hakikuzidi betri ya gari. Fundi alikifunga chini ya chasisi, akaunganisha nyaya, akapiga lakiri ya tajiri ili dereva asikichezee, basi. Ukiwasha injini na upepo wa breki ukajaa, unasikia lori linajinyanyua kwenye springi zake kama mtu aliyevuliwa koti lililolowa. Saruji ipo palepale, mifuko unaiona, lakini mlima hauijui.

Siku ya kufungiwa, Ambakisye aliuliza swali moja tu: uzito wenyewe unakwenda wapi, ardhini? Gwamaka, fundi kijana wa pale Uyole, alikuwa chali chini ya lori na spana mdomoni. Aliitikia mm. Baadaye akamwuliza nyumbani ni wapi na namba ya kisemeo chake ni ipi, maana siku hizo kila nyumba ilikuwa na kisemeo ukutani, cha kutangaza umeme unakaribia kwisha na mgeni yuko mlangoni. Ambakisye akampa vyote kwa moyo mweupe, akidhani ni mambo ya waranti.

Tangu hapo akawa anapandisha Isyonje huku anapiga mluzi. Aliwapita wa bodaboda waliobeba viazi, nao wakalitazama lori la saruji likipanda kama kishada. Tajiri naye hakuwa mjinga. Alipoona malori yote yanarudi na mafuta, akaanza kupima kidogo, kisha kidogo zaidi, hadi ikafika mahali ambapo dereva asiye na nitue asingeuona hata mgongo wa mlima. Ambakisye hakujali. Alichookoa bado kilitosha kumlipia Ipyana, binti yao, shule ya bweni kule Tukuyu, na kuezeka upya baraza ambalo mkewe Sekela alisukia nywele za nusu ya Uyole.

*

Jioni aliporudi kutoka mpakani, mtu wa kwanza kumpokea alikuwa Mama Tumpe, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye habari haikuwahi kumpita bila kukaribishwa kiti. Alimpa mkono kwa heshima isiyo ya kawaida.

"Hongera, Baba Ipyana. Safari hii ni pacha, hao hawajifichi."

Ambakisye alishukuru kwanza, ndipo akashangaa. Alikwenda barazani. Nyumba ilijaa kama kawaida: waliosukwa, waliosubiri kusukwa, na wale waliokuja kwa kuwa wengine wamekuja. Sekela alikuwa amesimama katikati yao, kitana mkononi, tumbo lake lilelile, anacheka. Alipomwuliza hao pacha wako wapi, baraza zima likataka kujibu kwa pamoja.

Ilivyokuwa ni hivi. Miguu ilikuwa inamuuma Sekela, akaenda zahanati. Muuguzi akampandisha kwenye mizani, mshale ukaenda kule ambako muuguzi hajawahi kuuona ukienda. Akasema mizani inaumwa, akaleta nyingine, nayo ikaumwa vilevile. Wakamwambia arudi. Akarudi siku ambayo mumewe alikuwa nyumbani anapumzika, mshale ukasimama pale ulipokuwa ukisimama tangu ameolewa. Muuguzi akamwuliza kama wanataniana. Sekela, kwa ubishi wake, akaenda sokoni siku nyingine na kukaa kwenye mizani ya viazi, watu wote wakitazama.

"Viazi vilikuwa na uzito wa viazi," alisema. "Mimi nikawa na uzito wa viazi na mwenye navyo."

Kila mtu alikuwa na yake. Wa kwanza alisema pacha. Wa pili alisema anakula kwa siri. Wa tatu, kwa sauti ya chini, alitaja mama mmoja wa mtaa wa pili ambaye yeye na Sekela, tangu wanyang'anyane mteja, hawasalimiani. Lakini Mama Tumpe, aliyekuwa ameshaanza kuiacha habari yake mwenyewe ya pacha, alikuwa amechunguza kwa undani na kugundua jambo: Sekela huzidi kuwa mzito mumewe akiondoka, na mumewe akirudi hupona. Wakati mwingine lori likiwa safarini hawezi hata kunyanyuka kwenye kigoda, wateja wanamsogelea wao. Hayo ni mapenzi, alisema, ugonjwa mwingine haupo.

Baraza lilicheka hadi kuku wakahama. Ambakisye alicheka pia na, Mungu amsamehe, alijisikia vizuri. Alilala na tabasamu la mtu anayekumbukwa.

*

Asubuhi alikuwa na shehena nyingine ya saruji, lori limeegeshwa mbele ya nyumba. Aliwasha injini, akaiacha iungurume upepo ujae, akarudi ndani kuchukua chupa ya chai aliyoisahau. Sekela alikuwa barazani, ameinamia beseni la nguo.

Kisemeo cha ukutani kikasema, kwa sauti laini ya mwanamke mwenye adabu zake, "Hodi."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Sekela hakuinua hata kichwa. Alijibu kama anavyojibu tangu anyooke ulimi, kama mtu anavyopepesa jicho.

"Karibu."

Ambakisye alisikia nyuma yake springi za lori zikipumua na bodi likijinyanyua. Mbele yake akaona mabega ya mkewe yakishuka, magoti yakikunjika taratibu, viganja vikitafuta ukingo wa beseni na kuubonyeza hadi maji yakamwagika. Sekela aliketi sakafuni. Hakupiga kelele. Aliketi kama mtu aliyezoea kuketi hapo.

Mambo hayo mawili Ambakisye alikwisha kuyajua, la lori kwa miezi kadhaa, la mkewe tangu jana, kila moja na mahali pake. Hakuwahi kuyaona yakiwa chumba kimoja. Alisimama na chupa ya chai mkononi.

"Nani amebisha?"

"Sijui," alisema Sekela, akihema. "Kila asubuhi ukiondoka hubisha. Nikitoka simwoni. Nadhani ni watoto wa Mama Tumpe wanachezea kisemeo."

Alikimbia nje, akazima injini. Akarudi: mkewe amesimama, anajikung'uta kanga. Akatoka, akawasha, akarudi mbio kumwambia asiitikie, lakini hodi ilimtangulia, na "karibu" ya Sekela ikaitangulia pumzi yake. Sekela akaenda chini tena. Akatoka, akazima. Mkewe, alipopata kusimama, alimtazama kama mtu anayemtazama mlevi kabla hajainusa pombe yake.

"Baba Ipyana, una nini leo?"

Alisema lori lina kasoro kidogo, anakwenda kwa fundi. Akaliacha lori palepale, akaenda kwa miguu.

*

Gwamaka alikuwa anakunywa chai ya asubuhi juu ya tairi. Ambakisye hakumsalimia.

"Nilikuuliza uzito unakwenda wapi, ukaniambia ardhini."

"Ardhini ulisema wewe, kaka. Mimi nilisema mm. Nilikuwa na spana mdomoni."

Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alimsogezea kigoda na kumweleza. Ardhi haipokei uzito wa kuhamishwa. Ukiutua juu ya udongo unadunda na kurudi ulikotoka, kama mpira. Jiwe hivyohivyo, chuma hivyohivyo. Kilichogundulika kuupokea ni mwili ulio hai, na tena mwili wa mtu. Mtu anaula uzito kama anavyokula ugali: tani nzima ikiingia mwilini inasagika na kubaki kama kilo moja, kilo na kitu. Kwa nini iwe hivyo, hata waliotengeneza mtambo hawajui, wanajua tu inafanya kazi. Injini ikizimwa, uzito unarudi kwa mwenyewe.

Na kwa kuwa huko walikoitengeneza sheria inakataza kumtulia mtu mzigo bila ridhaa yake, walipotaka kuileta huku waliuliza: watu wa kwenu, kitu kikitaka kuingia kwao, wanakiruhusu vipi? Wakajibiwa kwamba huku mtu hubisha hodi, na mwenye nyumba akikubali husema karibu. Wakafurahi, wakauwekea mtambo sauti hiyo. Waliiga hata adabu zake. Nitue hubisha mara tatu, na isipoitikiwa hurudi zake na mzigo wake.

"Lakini karibu si ruhusa," Ambakisye alisema. "Karibu ni karibu tu. Hata anayekuja kudai kodi unamkaribisha."

"Najua, kaka. Na mimi nina mama."

Ambakisye alitaka mtambo ung'olewe. Gwamaka akanyoosha kidole tu, kana kwamba lakiri ya tajiri ipo pale hewani. Ukiikata, lori si lako tena kufikia jioni. Basi akizime kisemeo cha nyumbani. Hilo nalo halisaidii: ukikizima, nitue inabisha nyumba ya jirani, na jirani naye ana mdomo. Akiacha kazi je? Gwamaka alishusha kikombe.

"Ukiacha, lori linapewa mwingine. Huyo mwingine ana nyumba, na nyumba ina mtu. Kila nitue iliyoko barabarani ina mtu chini yake. Wewe umemjua wako, basi."

Halafu akamwambia jambo ambalo Ambakisye alitamani asingelisikia. Kuna madereva waliojua mapema, nao hawakutaka iwe nyumbani kwao. Wamehamishia hodi zao kwenye ile nyumba ya wazee wasio na ndugu, kule nje ya mji. Wanawapelekea sabuni na sukari kila mwisho wa mwezi.

"Na wazee wanajua?"

"Wameambiwa. Sidhani kama wanasikiliza sana. Wale hawana anayewabishia hodi, kaka. Ikilia, wanagombea kuitikia. Nafasi moja bado ipo, ukitaka nakuhamishia sasa hivi, wala haihitaji kukata lakiri."

Ambakisye aliinuka kwenye kigoda. Kitu kilichomtisha ni kwamba, kwa muda mfupi tu, aliona ni wazo zuri.

*

Alirudi akiwa ameamua, au alidhani ameamua. Angependa kuzungumza na mkewe faragha, lakini nyumba ile faragha haikuwa na mahali pa kukaa. Wateja wawili walikuwa wamefika, Mama Tumpe alikuwa ameleta maharage ya kuchambua, na bibi yake Mama Tumpe aliwekwa kwenye jua la barazani apate joto. Basi akasema mbele ya wote: pacha hawapo, uchawi haupo. Alichobeba Sekela ni saruji.

Aliwaeleza kama alivyoelezwa. Wote wakaanza kusema mara moja. Mteja mmoja akauliza kama mbuzi hawezi kufundishwa kusema karibu. Mwingine alikuwa na shemeji mwenye kasuku. Mama Tumpe alimtaja mumewe, ambaye kwa maoni yake alikuwa ameketi tangu mwaka juzi na asingeona tofauti. Bibi hakuelewa vizuri, akauliza huyo mgeni anayebisha kila siku mbona hapewi chakula.

Sekela hakuchangia. Aliendelea kusuka, kichwa cha mteja kikiwa nusu misuko, nusu msitu. Kitana kilisimama pale tu Ambakisye aliposema kwamba ameamua: anarudisha ufunguo kwa tajiri leo hii.

"Umeamua," alisema Sekela.

"Ndiyo. Siwezi kukuona vile tena."

"Kama ulivyoamua kunitwisha."

"Mama Ipyana, nilikuwa sijui."

"Mara ya kwanza hukujua. Hii ya pili unajua, na bado huniulizi." Alichomeka kitana kwenye nywele za mteja, akakiacha humo, akageuka. "Miguu inayouma ni ya nani? Ada ya Ipyana tunalipa nani na nani? Mimi niliambiwa nina pacha, nikaambiwa nimerogwa, nikaambiwa ninakupenda hadi sinyanyuki. Kila mtu amesema juu ya mwili wangu isipokuwa mimi. Niulize."

Maharage yaliacha kuanguka kwenye ungo. Ambakisye alijikuta hajui asimame wapi na mikono aiweke wapi. Alikuwa ameoa kwa posa iliyopelekwa na wajomba, na hakumbuki kama maishani mwake aliwahi kumwomba mwanamke huyu kitu ambacho angeweza kukataa. Aliogopa atasema ndiyo, maana ndiye Sekela, aliyeshindwa kuwaambia watu nyumba imejaa. Akaogopa pia atasema hapana, na hofu hiyo ndiyo iliyomchanganya, kwa sababu si alikwisha kuamua kuacha?

"Mama Ipyana," alisema, na sauti yake ikamtoka ndogo. "Utanibebea?"

Sekela aliitazama miguu yake. Akatazama mabati mapya ya baraza, akatazama upande wa Tukuyu, ambako shule haionekani ila ndiko iliko. Alikuwa anafikiri kweli, si kwa kumkomoa.

"Hapana," alisema.

Kisha, akiwa ameshachukua tena kitana: "Ungeniuliza siku ile ya kwanza, kabla sijajua uzito wake, ningekubali."

Ambakisye alitikisa kichwa kukubali. Alihisi nafuu, na chini ya nafuu akahisi kuumia, kitu cha aibu ambacho asingekisema hata kwa Gwamaka: alitaka mkewe akubali ili yeye awe ndiye aliyekataa.

"Na ufunguo usirudishe," alisema Sekela. "Ukirudisha unamtwisha mwingine, si umesema? Nenda na lori lako zito. Mafuta yakikwisha, yaishe mikononi mwako, tajiri akufukuze kwa mdomo wake. Sisi huku tutanyamaza."

*

Kunyamaza. Neno hilo halikuwahi kusemwa katika nyumba ile, na lilipokelewa kama mchezo mpya. Kila mtu alimfundisha mwenzake namna ya kunyamaza, kwa kelele. Ambakisye aliwasihi watoke wamwache Sekela peke yake, lakini hakuna aliyekubali kuhadithiwa jambo ambalo angeweza kuliona. Aliwasha injini, akarudi kusimama mlangoni, akasikiliza upepo wa breki ukijaa na lori likijinyanyua nusu, likingoja jibu.

"Hodi," kilisema kisemeo.

Ya kwanza waliipita salama. Walikuwa wameishika midomo yao kwa viganja, macho yakicheka.

"Hodi."

Macho yaliacha kucheka. Mteja aliyekuwa nusu msitu alifumbua mdomo, na Mama Tumpe, ambaye hakuna aliyetegemea awe shujaa, akamjazia pindo la kanga hadi kwenye meno. Bibi aliwatazama mmoja mmoja, amekasirika. Alivuta pumzi kumkaribisha mgeni, na Ambakisye akawahi kupiga magoti mbele yake na kuishika mikono yake miwili, kumwamkia upya kwa ishara, kichwa chini, hadi bibi akasahau alichotaka kusema na kumwekea kiganja utosini.

"Hodi."

Sauti haikubadilika. Haikukasirika, haikuongeza neno. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama nje kwenye mvua na bado anawatakia heri waliomo ndani. Sekela alikuwa ameshika nguzo ya baraza. Midomo yake ilikwisha kuchukua umbo la neno. Machozi yalimtoka, wala si ya maumivu. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwacha mtu nje.

Kimya.

Kule nje lori likaguna. Springi zililia moja baada ya nyingine, matairi yakabonyea hadi yakaonekana yanataka kupasuka, na udongo wa mbele ya nyumba ukadidimia kidogo. Saruji ilikuwa imerudi kwa mwenyewe. Sekela aliachia nguzo, akapiga hatua moja, kisha nyingine, akijisikiliza.

Ambakisye hakungoja kuona zaidi. Kama angengoja, asingeondoka.

*

Alikuwa amesahau jinsi Isyonje ulivyo mlima. Lori lilipanda kwa gia ya kwanza, injini ikinguruma kama inabishana na mtu, na mshale wa mafuta ukawa unashuka huku anautazama. Kwa kipimo cha tajiri asingefika Kiwira. Labda angefika juu, kwenye ukungu, na kutoka hapo angeweza kuachia gia na kuteleza kama zamani, kwa mzigo huu, jambo la mwendawazimu. Hakujua atafanya nini. Wanawake wenye vikapu vya viazi walimpita kwa miguu, wakamwambia pole, baba, na yeye akaitikia asante kila mara, akiona haya.

Malori mengine yalimpita kama makaratasi. Zamani angeona lori tu na jina la dereva. Sasa kila lililopita alijikuta anatafuta chini yake, kana kwamba angeona kanga au mkongojo ukiburuzwa lami. La mbao lile lina mke wa nani? Na tangi lile, lenye namba za mpakani, limemkalia mama gani aliyeambiwa ni uzee?

Honi ndefu ilimtoa mawazoni. Alikuwa Mwasomola, rafiki yake wa tangu kuendesha matrekta ya chai, anapita na shehena ya nondo huku ameegemeza kiwiko dirishani. Mara simu ikaita.

"Vipi, mzee? Umebeba saruji au umeubeba mlima wenyewe?"

"Mwasomola, nyumbani kwako asubuhi ukiwasha lori, nani anaitikia hodi?"

"Hodi gani?"

"Ya kisemeo. Nani anaitikia?"

Mwasomola alicheka. Alisema nyumbani kwake anayeshinda ni mama yake mzazi, na mama yule huitikia kila kitu, hata redio ikisalimia yeye husema marahaba.

"Anaendeleaje, mama?"

"Yupo. Miguu tu. Haamki kitandani mchana, jioni anachangamka, anataka hata kupika. Daktari anasema—" Ambakisye alisikia injini ya mwenzake ndani ya simu, nyepesi, haina shida na mtu. "Kwa nini unaniuliza?"

Ambakisye alimwambia kwa maneno machache aliyoyapata. Kule mbele, taa nyekundu za lori la nondo zikawaka. Lilisogea pembeni, likasimama.

Yeye hakuweza kusimama. Kwa mwinuko ule, na uzito ule, angesimama angerudi nyuma hadi bondeni. Alimfikia Mwasomola kwa mwendo wa mtu anayetembea, akampita dirisha kwa dirisha. Mwasomola hakumtazama. Alikuwa amekata simu yake na kupiga nyingine, ameibana sikioni, midomo inatembea, anamwomba mama yake apokee. Na injini yake ilikuwa bado inaunguruma.

Ambakisye alishusha kioo, akapaza sauti katika baridi ile, azime kwanza, mama hawezi kuifikia simu, azime. Hakujua kama amesikika. Lori lake lilizidi kumvuta mbele, hatua kwa hatua, na mwenzake akabaki nyuma, akawa mdogo kwenye kioo cha pembeni.

Alikuwa karibu na kona alipouona moshi wa lori lile ukikatika, na nondo zote zikashuka kwa pamoja juu ya springi zao. Mwasomola alikuwa bado na simu sikioni, kichwa ameinamisha, akisikiliza ikiita.